Tozo ya Afya Isiyomruhusu Mwanafunzi Kuugua

Tangu tarehe 6 Februari 2024, kila kijana kutoka nje anayeomba viza ya kusoma Uingereza kwa zaidi ya miezi sita hutakiwa kulipa pauni 776 kwa kila mwaka wa viza yake ili aweze kutibiwa na Huduma ya Taifa ya Afya, ambayo Waingereza huiita NHS. Fedha hizo, zinazojulikana kama tozo ya afya kwa wahamiaji, hulipwa zote kwa mkupuo, kabla mwombaji hajajua kama viza atapewa au atanyimwa, na ni nje ya gharama ya viza yenyewe. Kabla ya tarehe hiyo kiwango kilikuwa pauni 470. Serikali iliyoingia madarakani Julai 2024 haikupunguza kiwango kipya. Badala yake imezidi kukaza masharti, kwani watakaoomba kubaki kazini baada ya masomo kuanzia Januari 2027 watapewa miezi 18 badala ya miaka miwili, na kuanzia Agosti 2028 vyuo vya England vimepangiwa kutozwa pauni 925 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa kigeni anayezidi idadi iliyosamehewa, mzigo ambao ni vigumu kuamini kwamba hautahamia kwenye karo. Katika masharti yote hayo, tozo ya afya ndiyo isiyotetezeka kabisa, kwa sababu inamtoza mwanafunzi fedha za ugonjwa na kisha kumweka chini ya sheria ambazo hazimpi nafasi ya kuugua.

Tozo hii ilipoanza Aprili 2015, mwanafunzi alilipa pauni 150 kwa mwaka. Ikawa 300 Januari 2019, ikawa 470 Oktoba 2020, kisha ikafika hapo ilipo leo, yaani zaidi ya mara tano ya kiwango cha mwanzo katika muda usiotimia miaka tisa. Hesabu yake pia haiishii kwenye miaka ya masomo. Viza ya kozi ya mwaka mmoja au zaidi huongezewa miezi minne baada ya masomo, na kipande cha mwaka kisichozidi miezi sita hutozwa nusu ya kiwango, hivyo anayesoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja hulipa pauni 1,164 na anayesoma shahada ya kwanza ya miaka mitatu hulipa pauni 2,716. Kiasi hiki cha pili ni zaidi ya shilingi milioni 8 za Tanzania, au zaidi ya shilingi 400,000 za Kenya. Kwa mtumishi wa umma wa Tanzania anayelipwa kima cha chini cha shilingi 500,000 kilichoanza Julai 2025, hiyo ni mishahara ya zaidi ya miezi 16, na bado hajalipia karo, nauli, wala kipimo cha kifua kikuu ambacho waombaji kutoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hulazimika kufanyiwa kwa gharama zao wenyewe.

Wanaoitetea tozo hii wana hoja zao. Husema kwamba NHS inaendeshwa kwa kodi za wakazi na kwamba mgeni hajachangia kitu siku anapotua. Kwamba mwanafunzi amepewa punguzo, kwani mhamiaji mwingine mtu mzima hulipa pauni 1,035. Na kwamba bima binafsi ya afya Marekani inaweza kugharimu zaidi ya hapo. Hoja hizo zina ukweli kiasi. Lakini mgeni hulipa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 kwenye bidhaa nyingi tangu siku ya kwanza anapoingia dukani, na ubaya wa mfumo wa Marekani haugeuzi mfumo wa nchi nyingine kuwa wa haki. Kuhusu madai kwamba kiwango kipya kinaakisi gharama halisi ya matibabu, ikumbukwe kwamba nyongeza hiyo ilitangazwa Julai 2023, wakati Waziri Mkuu Rishi Sunak alipokuwa akieleza fedha za kuwaongezea mishahara watumishi wa umma, wakiwemo madaktari, walimu na polisi, zingetoka wapi. Serikali ilikuwa na pengo kwenye bajeti, na sehemu ya pengo hilo ikazibwa kwa mfuko wa watu ambao wengi wao walikuwa bado hawajafika nchini.

Ili kuelewa madhara ya kulipisha kwa mkupuo, ni lazima kutazama jinsi mwanafunzi wa kigeni anavyozoea maisha ya chuo. Wataalamu wameishughulikia hali hiyo kwa muda mrefu. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard, mwanasosholojia wa Norway, alichapisha utafiti kuhusu Wanorwe wapatao 200 waliokuwa wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright, akabaini kwamba waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walikuwa na hali ngumu zaidi kuliko waliokaa muda mfupi kuliko huo au mrefu kuliko huo. Miaka mitano baadaye mwanaanthropolojia Kalervo Oberg akaeleza kwa kina kinachoitwa mshtuko wa utamaduni, yaani wasiwasi unaompata mtu pale alama zote ndogondogo za maisha alizozizoea, kuanzia namna ya kusalimia hadi namna ya kununua chakula, zinapomtoka kwa pamoja. Watafiti wa baadaye, akiwemo Colleen Ward na wenzake mwaka 1998, walipinga hitimisho la Lysgaard na kuonyesha kwamba dhiki huwa kali zaidi mwanzoni kabisa, mara tu mgeni anapofika. Kwa suala hili, tofauti kati ya pande hizo mbili haibadilishi kitu. Kama Lysgaard ndiye aliye sahihi, anayesoma uzamili wa mwaka mmoja hupitisha nusu nzima ya pili ya masomo yake ndani ya kipindi kigumu na kuondoka kabla hakijaisha. Kama Ward ndiye aliye sahihi, tozo huchota akiba ya familia wakati uleule ambao mwanafunzi anaihitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Akiba hiyo ndiyo ingemnunulia koti zito na viatu vya baridi, ingelipia amana ya chumba, na ingemwezesha kukaa miezi miwili au mitatu ya kwanza bila kukimbilia vibarua, akapata nafasi ya kujua maktaba ilipo na ya kupata marafiki. Inapokwisha kabla hajapanda ndege, analazimika kutafuta kazi haraka. Viza inamruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kwa kima cha chini cha pauni 12.21 kwa saa kilichotumika kuanzia Aprili 2025 hadi Machi 2026, pauni 1,164 zilikuwa sawa na saa 95 za kazi, karibu wiki tano za kutumia saa zote alizoruhusiwa bila kula wala kulipa pango. Wengi hupata kazi katika nyumba za kulelea wazee, mara nyingi zamu za usiku, kisha hutakiwa kuwa darasani asubuhi. Hayo yote hutokea majira ya vuli na kipupwe, wakati Glasgow mwezi Desemba inapata mwanga wa jua kwa takriban saa saba tu kwa siku, na wakati mamlaka za afya za nchi hiyo zenyewe zinawashauri watu wenye ngozi nyeusi wafikirie kutumia vitamini D mwaka mzima. Aliye mzazi hana hata faraja ya familia, kwani tangu Januari 2024 wanaosoma kozi za kufundishwa darasani, tofauti na zile za utafiti, wamezuiwa kwenda na wenza au watoto wao.

Hata hivyo, uzito wote wa suala hili uko kwenye jambo moja ambalo watetezi wa tozo hawaligusi, nalo ni kile kinachompata mwanafunzi siku anapougua kweli.

Mwanafunzi wa kigeni nchini Uingereza huishi chini ya udhamini wa chuo chake. Udhamini hapa hauna maana ya fedha. Maana yake ni kwamba chuo kimejifunga mbele ya Wizara ya Mambo ya Ndani kufuatilia mahudhurio yake na kutoa taarifa anapoacha kushiriki masomo. Chuo kinaweza kumruhusu mgonjwa apumzike, lakini kwa kawaida ruhusa hiyo haitakiwi kuzidi siku 60. Ikizidi, chuo hutakiwa kuondoa udhamini, isipokuwa kwa sababu za kipekee na iwapo mwanafunzi ataweza kumaliza kozi ndani ya muda wa viza aliyo nayo, sharti ambalo anayesoma kozi ya mwaka mmoja hawezi kulitimiza kwa urahisi. Udhamini ukiondolewa, viza hukatwa, naye hutakiwa kurudi kwao.

Sasa sheria hiyo iwekwe sambamba na huduma iliyolipiwa. NHS ya England imejiwekea lengo kwamba mgonjwa aliyepewa rufaa na daktari wa familia aanze kutibiwa na daktari bingwa ndani ya wiki 18. Wiki 18 ni siku 126, zaidi ya mara mbili ya zile siku 60, na hilo ni lengo tu. Mara ya mwisho England kulifikia ilikuwa mwaka 2016. Achukuliwe mwanafunzi wa kike wa uzamili aliyefika Septemba, akaanza kusumbuliwa na uvimbe kwenye kizazi mwezi Novemba, akapewa rufaa katikati ya Januari. Hata NHS ingetimiza ahadi yake sawasawa, huenda angeanza kutibiwa mwishoni mwa Mei, wakati vipindi vya darasani vimekwisha na mwenzake wa meza ya pembeni anaandika tasnifu. Katika miezi hiyo yote, viza yake itakuwa salama maadamu anahudhuria, kwa hiyo atahudhuria huku anavuja damu na maumivu yanamkata, na atamficha mhadhiri wake hali yake kwa kuhofia kwamba kukiri ugonjwa ni mwanzo wa safari ya kurudishwa nyumbani. Mwingereza anayesoma naye, akipatwa na maradhi yaleyale, anaweza kukubaliana na chuo asimamishe masomo kwa mwaka mzima, atibiwe, kisha arudi darasani bila kuulizwa na afisa yeyote wa uhamiaji.

Na fedha je? Kanuni za tozo ziko wazi. Viza ikikataliwa, fedha hurudishwa. Lakini aliyepewa viza akaondoka kabla muda wake haujaisha harudishiwi, na aliyeamriwa kuondoka kabla viza haijafikia mwisho harudishiwi vilevile. Aliyelipa pauni 2,716 kwa ajili ya miaka mitatu na zaidi, akaugua katika muhula wa pili na kuondolewa, amepoteza fedha za miaka miwili na ushei ya matibabu ambayo hakuna daktari atakayempa, na anarudi Mwanza au Kisumu akiwa mgonjwa, bila shahada na bila akiba. Hakuna tafsiri ya neno huduma inayoweza kuhalalisha jambo hilo. Serikali inayopokea fedha za matibabu ya mtu, ikamfukuza kwa sababu ameugua, kisha ikabaki na fedha zake, imefanya dhuluma, na kuiita dhuluma hiyo mchango wa afya ni kuwatukana wazazi walioilipa. Wala haisaidii kujibu kwamba wanaofikwa na hayo ni wachache. Bima yoyote inayostahili jina hilo ipo kwa ajili ya wachache wanaougua sana. Wengi wenye afya ndio wanaochangia ili wachache hao wasiangamie.

Hata kwa mambo madogo mlipaji hakingwi kikamilifu. Katika England, aliyelipa tozo akiandikiwa na daktari dawa tatu hulipa pauni 9.90 kwa kila moja anapozichukua, yaani pauni 29.70, na meno na miwani vina gharama zao. Wakati huohuo mwanafunzi wa kutoka Umoja wa Ulaya mwenye kadi ya bima ya afya ya huko, akiwa anasoma muda wote na hafanyi kazi, anaruhusiwa kudai arudishiwe tozo yake. Ujerumani nayo humsajili mwanafunzi wa kigeni aliye chini ya miaka 30 katika bima ya umma kwa mchango uleule anaolipa Mjerumani, na mchango huo hulipwa mwezi kwa mwezi, hivyo anayeondoka huacha kulipa. Njia hiyo ipo na inatumika katika nchi yenye vyuo vikuu vikubwa na hospitali za umma kama Uingereza.

Uingereza haihitaji kufuta tozo yake ili kuondoa dhuluma hii. Inatosha ikubali malipo ya mwaka kwa mwaka, irudishe fedha za miezi ambayo mwanafunzi hakuishi nchini humo, na ihesabu muda wa kungoja matibabu ya NHS kuwa sababu halali ya kupita zile siku 60. Vyuo vinavyotuma mawakala wao Dar es Salaam na Nairobi kila mwaka kutafuta wanafunzi vina wajibu wa kuyadai hayo hadharani, kwani ndivyo vinavyonufaika na karo. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambayo waombaji huipitia kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi kabla ya kwenda kusoma nje, ingepaswa kumkabidhi kila mwombaji maelezo ya maandishi kuhusu kanuni ya siku 60 na kuhusu fedha zisizorudi. Nao wanafunzi waliokwisha kufika huko wajue kwamba raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, wakiwemo Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda, wanaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi wa Bunge la Uingereza wakiwa wakazi wa huko. Wajiandikishe, na wamwandikie mbunge wa eneo wanaloishi kuhusu tozo hii.