Hiyo P Iache

Kwenye majukwaa ya vichekesho Nairobi hakukosi mtu wa kuigiza Mkalenjin. Anasema "pisnes", ukumbi mzima unavunjika mbavu. Mimi ni wa Kericho na mzaha huo umenichosha, kwa sababu umejengwa juu ya uongo: eti tunakosea.

Hatukosei. Katika Kikipsigis, p na b si sauti mbili zinazotenganisha maana. Mwanzo wa neno sauti hutoka kavu. Katikati ya vokali hutetemeka. K nayo ni vivyo hivyo. Tazama jina letu lenyewe, Kipsigis: k mwanzoni, g katikati.

Mwaka 1993 Alan Prince na Paul Smolensky walitoa nadharia moja safi sana: lugha zote zina masharti yaleyale ya matamshi, ila kila moja huyapanga kwa uzito wake. Sharti moja husema, tunza sauti ulivyoipokea. Lingine husema, usifunge silabi kwa konsonanti. Kiingereza hutanguliza la kwanza. Kiswahili mara nyingi hutanguliza la pili, ndiyo maana bank ikawa benki na shirt ikawa shati. Nani amewahi kukucheka kwa kusema shati? Mzungu naye akishindwa kutamka Ng'eno, tunasema ana lafudhi. Sisi tukisema p, ni ushamba. Kwa nini?

Halafu huyo mcheshi ajaribu vokali zetu. Herufi ni tano, sauti ni kumi, na hapo hujahesabu ndefu na fupi.

Utasema ni utani tu. Sawa, lakini kuna mtoto ameacha kuinua mkono darasani, na kuna kijana anameza maneno kwenye intavyuu ya kazi.

Na sisi wa Kericho na Bomet tusijifanye malaika. Mjaluo anayechuma chai hapa akisema "samba" badala ya shamba, tunacheka. Kijaluo hakina sh, basi. Soma Waamuzi 12: watu 42,000 waliuawa vivukoni Yordani, na kipimo kilikuwa sauti hiyohiyo, Shiboleth au Siboleth. Sisi tulioona wafanyakazi wakikimbia mashamba ya chai mwanzoni mwa 2008 kwa sababu ya kabila lao, hadithi hiyo hatuhitaji kufafanuliwa.

Mtu akisema jambo la kuchekesha, cheka. Hiyo p yake iache.