Neno la Mhariri: Waulizwe Masikio Yao

Mtanzania wa makamo hahitaji kuelezwa masikio kuvuma ni nini. Enzi za dripu ya kwinini, kabla sindano ya artesunate haijachukua nafasi yake kwa malaria kali, wagonjwa wetu waliupata mlio huo chupa ikiwa bado inaning'inia. Waliosimama pembeni ya kitanda walilazimika kupaza sauti. Dozi ikiisha, mlio nao uliisha, na watu wakasahau.

Toleo hili linawahusu wale ambao kwao haukuisha. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la JAMA Neurology ulikadiria kuwa zaidi ya watu wazima milioni 740 duniani wamewahi kupata hali hii, takriban mmoja katika kila saba, na kwamba zaidi ya milioni 120 inawatesa vikali. Kwa idadi hiyo, wapo kwenye daladala unayopanda na kwenye safu uliyokaa kanisani au msikitini. Hawaonekani, kwa sababu mlio wao hausikiki na mtu mwingine yeyote.

Hapa Dodoma chanzo kimoja hakihitaji darubini. Simama nje ya mashine ya kusaga saa kumi jioni, madebe ya mtama na uwele yakiwa yamepangwa foleni. Msagaji ametapakaa unga hadi kwenye kope. Amejifunga kitambaa puani na mdomoni, maana vumbi analiogopa. Masikio yako wazi. Wateja hawamsemeshi, wanamwonyesha kwa vidole, naye anajibu kwa kichwa. Penye kelele za kiasi hicho, madhara yameshaanza. Wataalamu wa afya kazini wanaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinapoongezeka muda salama unapungua kwa nusu: ukifika 94, imebaki saa moja. Msagaji yuko pale kutwa. Kadhalika fundi anayekata vyuma vya mageti na madirisha katika jiji hili linalojengwa kila kona.

Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo, takriban 15,000, zinazogeuza sauti kuwa taarifa ya kupelekwa kwenye ubongo. Zikifa hazioti tena. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba ubongo, ukikosa taarifa uliyoizoea, hujiongezea usikivu, na mgonjwa anausikia uvumi huo wa ndani kama filimbi au nyenje wasionyamaza. Kwa wengine sababu ni nta iliyoziba, usaha, uzee au dawa. Gentamicin na streptomycin ni miongoni mwa zinazoweza kudhuru usikivu.

Mchana mtu huvumilia. Usiku ndio mzito, hasa vijijini huku kwetu, Bahi au Chamwino, upepo ukishatulia. Hapo mlio unabaki peke yake. Mgonjwa anakesha, asubuhi ana hasira, wanawe wanamwogopa, na kazini anarudia hesabu ileile mara tatu. Wapo wanaoambiwa wana jini. Wengine hukaa kimya wasije wakaitwa wendawazimu, na kimya hicho, kwa maoni yangu, kinawaumiza kuliko mlio wenyewe.

Wanaothubutu kwenda zahanati mara nyingi hujibiwa, "Utazoea." Jibu hilo silikubali. Ni kweli hakuna kidonge kinachoondoa mlio, lakini nta inatolewa, usaha unatibiwa, presha inapimwa, dawa inabadilishwa. Aliyepungukiwa usikivu akipewa kifaa cha kusikia, mlio mara nyingi hufifia. Ushauri wa kisaikolojia unaomfundisha mtu kutoupigania mlio una ushahidi mzuri wa kupunguza mateso. Lakini anayeusikia upande mmoja tu, au ukidunda sawia na mapigo ya moyo, asicheleweshwe kumwona daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Na usikivu ukipotea ghafla, aende siku hiyohiyo.

Sheria tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, na kanuni za viwango vya kelele na mitetemo ni za 2015. Kinachokosekana ni kuzifikisha kwenye kibanda chenye mashine moja na kijana mmoja.

Kwa hiyo naomba. Mganga wa zahanati, mgonjwa akilalamika kukosa usingizi, muulize na masikio yake. Mwenye mashine, mnunulie kijana wako vikinga masikio kabla msimu wa mavuno haujaanza. Na wewe ambaye mwenzi wako huacha redio ikisema usiku kucha, usimgombeze wala usiizime. Ipunguze sauti, kisha kukicha mpeleke akapimwe usikivu.