Saa chache za nchi kavu: Twatazama nini Bahia na Rio?

  

Kusafiri si jambo geni katika dini yetu. Qur'ani Tukufu imetuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi, na kila ilipotuhimiza ilitaja na sababu. Katika Suratul An'am, aya ya 11, tunaamrishwa tutembee ili tuzingatie mwisho wa wale waliokadhibisha. Katika Suratul Hajj, aya ya 46, tunafundishwa kwamba safari ni ya kuufumbua moyo, kwani mtu aweza kuwa na macho mazima na moyo wake ukawa kipofu. Kwa hiyo Muislamu hapimwi kwa umbali aliokwenda, bali kwa alilolifahamu alipofika.

Nayasema haya kwa sababu ya safari za meli kubwa za matembezi ya baharini. Kila mwaka, tangu Novemba hadi Machi au Aprili, wakati wa kiangazi cha kusini mwa dunia, meli hizi huzunguka pwani za Amerika ya Kusini: Salvador ya Bahia na Rio de Janeiro nchini Brazil, Montevideo nchini Uruguay, Buenos Aires nchini Argentina, Valparaíso nchini Chile, na upande wa bahari ya Karibi, Cartagena nchini Kolombia. Utaratibu wake ni mmoja. Meli hufunga gati asubuhi, abiria wakashuka, wakapakiwa katika mabasi pamoja na mwongozaji, wakaonyeshwa mji kwa saa chache, na jioni wakarejea melini kula na kulala. Kesho yake au kesho kutwa, bandari nyingine.

Huenda mtu akauliza: haya yanawahusu nini waumini wa misikiti yetu? Yanatuhusu. Ndugu zetu wanaoishi Ulaya, Amerika ya Kaskazini na nchi za Ghuba wamo miongoni mwa abiria, na vijana wetu wa pwani wamo miongoni mwa mabaharia, wapishi na wahudumu. Sitarefusha maneno juu ya ulevi, kamari na uchi unaokutikana humo melini. Hukumu yake inajulikana, na masheikh wetu wameieleza. Mwenye kuweza kuepuka na aepuke, na aliyepelekwa na riziki na amche Mungu kadiri awezavyo. Ninalotaka kulizungumzia ni lile lisilozungumzwa, nalo ni zile saa chache za nchi kavu. Humo mna ghafla kubwa.

Uwanja na jina lake

Tuanze na Salvador. Mji huu ulijengwa mwaka 1549 ukawa makao makuu ya Brazil hadi 1763. Bandari iko chini, mji mkongwe uko juu ya jabali, na baina yao kuna lifti mashuhuri ya Lacerda iliyofunguliwa mwaka 1873. Mtalii hupanda lifti hiyo, akatokea katika uwanja wa baraza la mji, kisha akatembea hadi mtaa wa Pelourinho wenye nyumba za rangi za kupendeza. Mji huo mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1985. Hapo watu hupiga picha, hununua shanga na husikiliza ngoma. Wachache huuliza maana ya jina la mtaa. Pelourinho, ndugu msomaji, ni nguzo ya kumfunga mtu na kumpiga mijeledi hadharani.

Na ule uwanja wa baraza la mji, anapotokea mtalii lifti inapofunguka, una habari yake. Chini ya jengo la baraza palikuwa na gereza. Mwaka 1835 alifungwa humo mzee wa Kiafrika aitwaye Pacífico Licutan, mwalimu wa dini, anayesoma na kuandika Kiarabu. Hakuwa ametenda kosa lolote. Bwana wake alikuwa na madeni, basi mzee akakamatwa kama inavyokamatwa mali, akawekwa kungoja mnada. Kabla ya hapo wanafunzi wake walikuwa wamechanga fedha za kumkomboa mara mbili, na mara zote mbili bwana wake alikataa.

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Januari 1835, katika siku za mwisho mwisho za Ramadhani ya mwaka 1250 Hijria, Waislamu wa Bahia waliinuka kudai uhuru wao. Wengi wao walikuwa Wayoruba, pamoja na Wahausa. Wenyeji waliwaita Malê, neno litokanalo na neno la Kiyoruba lenye maana ya Muislamu. Siri yao ilikuwa imevuja jioni ile, wakalazimika kuanza kabla ya wakati waliouazimia. Walikwenda kwanza kwenye gereza lile kumtoa mwalimu wao, wasifaulu. Wakapigana barabarani usiku kucha, hadi wakashindwa Água de Meninos, kando ya bahari. Mwanahistoria wa Bahia, João José Reis, ambaye ameandika kitabu kikubwa juu ya tukio hili, anakadiria kuwa waliopigana walifika 600 na waliouawa karibu 70. Tarehe 14 Mei mwaka huo wanne walipigwa risasi kwa hukumu ya mahakama. Wengine walifungwa, wengine wakafukuzwa nchini kurejeshwa Afrika ya Magharibi, na wengine wakahukumiwa mijeledi, hamsini kwa siku, mpaka itimie mamia. Mzee Licutan, ambaye usiku ule alikuwa nyuma ya nondo, alihukumiwa mijeledi isiyopungua elfu moja.

Polisi walipopekua nyumba walikusanya karatasi zilizoandikwa kwa Kiarabu, na baadhi yake zimehifadhiwa Bahia hadi leo. Wataalamu waliozisoma wamekuta humo aya za Qur'ani, dua, na mazoezi ya wanafunzi wanaoanza kujifunza kuandika. Kalamu ya mwanafunzi wa chuo ikafanywa ushahidi wa jinai. Zilikutwa hirizi vilevile, nasi hatuna haja ya kulificha hilo. Lakini sisi tunaokataza hirizi, tena kwa haki, tusifanye haraka ya kuwadharau watu waliotafuta elimu yao chini ya kiboko, wakati sisi tunaitafuta chini ya feni na taa ya umeme.

Gati lililofukiwa

Rio de Janeiro hujulikana kwa fukwe na milima yake. Lakini abiria wa meli hushukia eneo la bandari kongwe, na kutoka hapo, kwa mwendo wa miguu, aweza kufika gati la Valongo. Gati hili lilijengwa mwaka 1811. Inakadiriwa kwamba Waafrika 900,000 waliingizwa Brazil kupitia hapo. Mwaka 1843 mawe yake yalifunikwa, na juu yake pakajengwa gati jipya la kumpokea mke wa mfalme. Likalala chini ya ardhi mpaka lilipofukuliwa mwaka 2011, wakati wa matengenezo ya eneo hilo, na mwaka 2017 UNESCO ikaliweka katika orodha ya urithi wa dunia. Karibu na hapo, mwaka 1996, watu waliokuwa wakikarabati nyumba yao walikuta mifupa chini ya sakafu. Palikuwa makaburi ya Waafrika waliofariki punde tu baada ya kushushwa, kabla hawajauzwa.

Tena wasidhani wasomaji wetu kwamba walioshushwa Valongo walikuwa watu wa Afrika ya Magharibi, Kongo na Angola peke yao. Walikuwamo watu wa upande wetu wa bara, waliopakiwa katika bandari za Msumbiji na Quelimane na kuzungushwa Rasi ya Tumaini Jema.

Hapa inatulazimu kusema kweli, hata kama ni chungu. Ni rahisi kuwalaumu Wareno na Wabrazili, na lawama hiyo wanaistahiki; Brazil haikufuta utumwa mpaka mwaka 1888. Lakini watu hawakujipeleka wenyewe kwenye majahazi. Masultani wa Angoche, Waislamu wenye kuelekea kibla kimoja nasi na wenye nasaba na watu wa Kilwa, walijitajirisha katika karne ya 19 kwa kuuza wanadamu kwa meli za watumwa. Vivyo hivyo katika Afrika ya Magharibi, vita vilivyofuatia harakati ya Sheikh Uthman dan Fodio, iliyoanza mwaka 1804, vilizalisha mateka wa pande zote, na wengi wao wakaishia kwenye meli za Bahia. Muislamu aliyenyooka hasomi historia ili apate wa kumtukana. Aisoma ili aone dhulma ilipoingilia, hata ikiwa iliingilia mlangoni kwake.

Imamu aliyebaki nchi kavu

Sasa na tutazame mtu mwingine aliyeshuka Rio kutoka melini. Mwaka 1866, kabla ya kufunguliwa mfereji wa Suez, meli mbili za dola ya Uthmaniya zilizokuwa zikielekea Basra kwa njia ya kuizunguka Afrika zilisukumwa na dhoruba hadi Brazil. Katika meli hizo alikuwamo imamu, Abdurrahman al-Baghdadi. Aliposhuka, watu weusi walimjia wakamtolea salamu ya Kiislamu. Hakutarajia kukuta hilo upande ule wa dunia. Alipochunguza alikuta jamaa ya Waislamu wanaoificha dini yao kwa hofu, na ambao elimu ya sheria imepunguka kwao kwa kukosa walimu. Wakamwomba abaki awafundishe.

Meli zikaondoka, naye akabaki. Aliwafundisha Waislamu wa Rio, akaenda Bahia, akaenda Pernambuco, na baada ya miaka kadhaa ndipo akarejea Mashariki akaandika habari zao. Dhoruba ilimfikisha bandari asiyoikusudia, naye akaufanya mshuko ule kuwa amana.

Na tujue waliomwomba walikuwa watu wa namna gani. Balozi wa Ufaransa mjini Rio, Gobineau, ambaye maandishi yake yanajulikana kwa kuwadhalilisha watu weusi, aliripoti mwaka 1869 kwamba duka moja la vitabu la Wafaransa lilikuwa likiuza karibu nakala mia za Qur'ani kila mwaka. Wanunuzi takriban wote walikuwa watumwa au watumwa walioachwa huru. Bei ilikuwa kubwa, hivyo walilipa kidogo kidogo, wengine kwa mwaka mzima. Mtu asiyemiliki hata nafsi yake akijinyima mwaka mzima apate msahafu! Nasi misahafu yetu imejaa vumbi rafuni, na tukisafiri hatukumbuki kuitia mkobani.

Mwendo wa Mtume (s.a.w.)

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipopita Hijr, penye majumba ya Thamud, katika safari ya Tabuk, aliwakataza Sahaba wasiingie makazi ya waliodhulumu ila wakiwa katika hali ya kulia, naye mwenyewe akajifunika kichwa na kuharakisha mwendo. Hakuwaambia wasitazame. Aliwafundisha namna ya kutazama.

Hiyo ndiyo adabu tunayoikosa. Hatusemi kwamba kumwona mja wa Mungu, kununua kitambaa au kula samaki wa Bahia ni haramu. Tunasema kuwa ni aibu kwa Muislamu kupiga picha akicheka mahali walipopigwa mijeledi ndugu zake kwa sababu ya kusoma Qur'ani, na asijue. Ajifunze kabla ya kuondoka. Amwulize mwongozaji maana ya Pelourinho mbele ya abiria wenzake, ili nao wasikie. Akifika Rio aende Valongo, awaombee dua waliokufa katika imani. Akiwa na wasaa, autafute msikiti: Rio upo mtaa wa Tijuca, na Buenos Aires ipo markazi kubwa ya Mfalme Fahd, iliyofunguliwa mwaka 2000 katika eneo la Palermo. Huko atakuta ndugu wanaoihifadhi dini katikati ya watu wasio wa dini yao, na salamu ya mgeni kwao ni zawadi.

Na wakati wa sala ukifika, asali kwa kupunguza kama sheria ilivyomruhusu. Pale Salvador kibla kiko mashariki, kikielemea kaskazini. Mwenye kusimama huko kusali anaielekea Atlantiki, na ng'ambo ya Atlantiki ni Afrika, na ng'ambo ya Afrika ni Makka. Mzee Licutan na wanafunzi wake, kila waliposimama mbele ya Mola wao, nyuso zao zilielekea pia makwao walikoporwa. Msafiri na alikumbuke hilo anapotia takbiri.

Nasi tulio huku nyumbani tusijione tumesalimika. Meli hizo hufika Zanzibar na Mombasa vilevile, na wageni hushuka kwa saa chache na kutuuliza habari za miji yetu. Wakifika Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, tuwaeleze ukweli wote, usiopunguzwa kwa ajili ya kujisafisha wala kuongezwa kwa ajili ya bakshishi. Mwenye kuwadai wengine ukweli wa Bahia hana budi kuutoa na wa kwake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa katika minyororo hali wakimtaja, atusamehe dhulma waliyoitenda wa kwetu, na azijaalie safari zetu ziwe hoja kwa ajili yetu, zisiwe hoja juu yetu. Amin.