Mbu wa mchana tunamfuga wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wananchi wenzangu wa hapa Kimbiji, na wa Dar es Salaam kwa jumla, juu ya homa ya dengue, au kidingapopo. Homa hii ilizuka jijini mwaka 2014, ikarudi tena mwaka 2019.

Wengi wetu tukishatundika chandarua usiku twajiona tumemaliza kazi. Chandarua ni kinga ya malaria, lakini mbu wa dengue, mwenye madoa meupe miguuni, huuma zaidi mchana, watoto wakicheza uani. Wala hatoki mbali. Huzaliana katika maji yaliyotuama ndani ya vifuu, makopo, matairi na mapipa yetu. Mayai yake hunata kwenye chombo na kustahimili ukavu kwa miezi, hivyo kumwaga maji peke yake hakutoshi.

Basi kila wiki tuchome vifuu, tusugue mapipa na kuyafunika. Mwenye homa asimeze aspirini kwa kubahatisha, maana yaweza kuzidisha kutokwa damu, aende akapimwe. Tusingoje bwana afya aje kutusukuma.

Mkazi,
Kimbiji, Dar es Salaam.