Pumzi ya Kuazima

Msomaji wangu kijana, huenda nyumba yenu iko Mbaraki, kisiwani Mombasa, si mbali na ile nguzo ya kale ya mawe ya matumbawe, na uani kwenu, chini ya mwarobaini, pana gari dogo lililoshushwa Kilindini kutoka Japani. Magari ya namna hiyo yameijaza nchi. Kanuni za Kenya hukataza kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka minane. Basi mengi hufika yakiwa na umri wa mtoto wa shule ya msingi, yamekwisha tumika lakini yangali mazima. Mzee wako hulitumia kwenda kazini, mama hulitumia kwenda sokoni, na wewe, siku ya kwanza uliyopewa ufunguo, uliona kwamba ni zito kama punda aliyeshiba.

Hapo ndipo atakapotokea mtu wa kukushauri. Atasema kwamba injini ya sentimita za ujazo 1,500 si kitu, kwamba supachaja iliyotumika yaweza kupatikana, na kwamba kuifunga ni kazi ya Jumamosi na Jumapili kwa mwenye spana na rafiki wa kumshikia taa. Maneno hayo nayapinga. Nataka kuyapinga kwa hoja, kwa kuwa kijana anayeambiwa "usifanye" pasipo kupewa sababu hungoja wazee walale, akafanya.

Tuanze na mtambo wenyewe. Injini huvuta hewa, huichanganya na petroli, huukandamiza mchanganyiko huo, kisha huuwasha kwa cheche. Petroli haiungui pasipo hewa. Kwa hiyo nguvu ya injini ina mpaka wake, nao ni kiasi cha hewa iwezacho kuvuta. Supachaja ni pampu inayozungushwa kwa mkanda kutoka katika kranki ya injini, nayo husukuma ndani hewa nyingi kuliko ile ambayo injini ingeivuta kwa pumzi zake. Turbo hufanya kazi iyo hiyo, ila yenyewe huzungushwa na moshi utokao. Asili ya pampu hizi si magari. Ndugu wawili wa ukoo wa Roots, wa jimbo la Indiana nchini Marekani, walipewa hataza ya pampu yao mwaka 1860, kabla ya gari la petroli kuzaliwa. Mwaka 1921 Mercedes walionyesha mjini Berlin magari yenye supachaja. Na katika Vita Vikuu vya Pili ndege za Uingereza ziitwazo Spitfire ziliihitaji kwa sababu iliyo wazi: juu angani hewa ni nyembamba, na injini isiyosukumiwa hewa huko hudhoofika kama mtu mwenye pumu.

Fikiri juu ya sababu hiyo, maana ndani yake imo hoja ambayo mshauri wako hakuigusa. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 1,700, na shinikizo la hewa huko limepungua karibu sehemu moja katika tano. Mwenye gari wa Nairobi akililia pampu, walau ana kitu alichopungukiwa. Wewe umepungukiwa na nini? Bahari iko hatua chache kutoka mlangoni pako. Hakuna mahali katika Kenya ambapo injini hupewa hewa yenye shinikizo kubwa kuliko hapo ulipo. Gari lililozoea bara, likishuka pwani, hurudishiwa sehemu ya nguvu zake bure, pasipo mkanda wala pampu. Nawe uliyezaliwa na neema hiyo unataka kwenda kuinunua!

Lakini pwani hutoa kwa mkono mmoja na kutwaa kwa mwingine, kwa sababu hewa yetu ni ya moto. Hewa ikikandamizwa huzidi kupata joto. Jaza baiskeli upepo, kisha iguse pampu, utajua. Ukiongeza shinikizo kwa nusu yake, hewa iliyoingia kwa nyuzi 30 yaweza kutoka katika pampu ya namna ya Roots ikiwa imekaribia nyuzi 90. Hewa hiyo huingia katika silinda, ikakandamizwa tena. Mchanganyiko ukizidi joto hauingoji cheche. Hujiwasha wenyewe, nawe husikia mgongano kama wa kokoto ndani ya kopo. Mgongano huo ukidumu, pistoni hutoboka au gasketi huungua, na gari lililokuwa zima Ijumaa huvutwa kwa kamba Jumatatu.

Waliotengeneza injini hizi waliyajua hayo. Toyota, katika miaka ya 1980, walipotaka kuitia supachaja injini yao ya sentimita za ujazo 1,600, hawakufunga pampu juu yake wakaenda zao. Walipunguza kiasi cha mkandamizo ndani ya silinda kutoka 9.4 hadi 8, wakatia pistoni za kufuliwa zilizo imara zaidi, na wakaweka kipoza hewa. Sasa tazama Vitz ya sentimita za ujazo 1,500, ambayo huenda ndiyo iliyo uani kwenu: mkandamizo wake ni 10.5. Waliokwisha kubali kushuka ni wenye kiwanda. Wewe mwenye spana wataka kuanzia juu kuliko walikotoka wao. Tena kompyuta ya injini haikuarifiwa kwamba hewa imeongezeka, na nozeli zake zilipimwa kwa kazi ya zamani. Petroli itapungua pale ambapo hewa imezidi, na upungufu huo nao huongeza moto.

Utanijibu kwamba mwaka 1989 Nissan waliuza March ndogo mno, yenye injini ya sentimita za ujazo 930, iliyofungwa supachaja na turbo kwa pamoja, ikatoa nguvu za farasi 110. Ni kweli, nami naistahi kazi ile. Lakini injini ile iliundwa kwa ajili ya mzigo ule, ikajaribiwa na watu wenye mitambo ya kupimia. Mfano wao ni hoja ya kukuita chuoni. Kukuhalalishia kazi ya uani hauwezi.

Hata hivyo, injini ikifa, aliyepata hasara ni mwenye gari, na hasara ya mali hulipika. Jambo linalonikasirisha ni breki. Nguvu ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Gari lililotoka kilomita 50 kwa saa hadi 70 limekwisha kusanya nguvu karibu maradufu, na breki zapaswa kuimeza yote kabla gari halijasimama. Sheria huweka kilomita 50 kuwa mwisho wa mwendo mjini, na breki za gari dogo, nyingi zikiwa na ngoma magurudumu ya nyuma, zilitosha kwa safari za mzee na vikapu vya mama. Mshauri wako alitaja farasi wangapi? Na breki alizitaja mara ngapi? Barabara za Mbaraki hupita malori ya bandarini, tuktuk, mikokoteni, na watoto wa shule wenye mikoba mizito wanaovuka wakizungumza. Hao hawakuulizwa kama waitaka supachaja yako. Na bima ya mzee ilikatwa kwa gari lililoandikwa katika hati, si kwa gari jingine ulilolizaa uani.

Wapo wanaoota Safari, mashindano yaliyoanza Afrika ya Mashariki mwaka 1953, wakadhani kwamba ushindi ni wa mwenye injini kali. Mwaka 1963 magari 7 tu yalifika mwisho. Mwaka 1968 yalifika 7 tena. Mara zote mbili lililotangulia lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell, naye alikuwa katika 404. Gari lile lilikuwa la jamaa, la kubebea watoto na mizigo, wala halikuwa na supachaja. Lilishinda kwa kuwa halikuvunjika.

Kama mikono yako yawasha kazi, kazi ipo. Fungua ngoma za nyuma, uone unene wa viatu vya breki. Badilisha mafuta ya breki, maana hunywa unyevu, na unyevu kwetu haukosekani. Safisha njia ya hewa, pima plagi, tazama kama rejeta imeziba. Huenda ukagundua kwamba uzito wa punda uliouona siku ya kwanza ulikuwa ni chujio la hewa lisilobadilishwa tangu Japani. Na kama baada ya hayo bado waitamani supachaja, tafuta injini kongwe iliyotupwa, uifungue mezani, upime mkandamizo wake, ujifunze nozeli na kompyuta yake kwa fundi anayekubali kuulizwa, hata kwa mwaka mzima. Ukiiwasha pale ikatoboka pistoni, hatakuwapo mtu aliyeketi kiti cha nyuma.