Homa inayoondoka na kurudi: je, ni papasi?

Mtoto anashikwa na homa siku tatu. Inashuka, anaomba chakula, anarudi kucheza na wenzake. Wiki haijaisha vizuri homa ileile inarudi, na kichwa kinamuuma upya. Nyumbani husemwa malaria imekuwa sugu, na wengine hununua dawa ya malaria dukani kwa mara ya pili bila kupima.

Homa yenye mwenendo huo inaweza kuwa homa ya papasi. Si ugonjwa mgeni kwetu. Robert Koch, daktari yule aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, aliuchunguza hapa Afrika Mashariki mwaka 1905 na kuwakuta papasi kwenye vibanda vya kupumzikia wasafiri wa misafara.

Papasi ni jamii ya kupe, ila tabia zake ni nyingine. Kupe wa mbwa au ng'ombe hung'ang'ania ngozi siku kadhaa, kwa hiyo utamwona unapomwogesha mtoto. Papasi hukaa kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku, hunyonya kwa muda mfupi kisha hurudi kujificha. Kuuma kwake hakuamshi mtu. Anaweza kuishi miaka bila kula, hivyo nyumba iliyokaa tupu muda mrefu isikupe imani ya bure.

Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuonyesha bakteria hawa. Wanaonekana damu inapoangaliwa kwa darubini, hasa ikitolewa wakati homa imepanda. Kwa hiyo mweleze mhudumu kwamba homa iliondoka ikarudi, na kwamba mnalala nyumba ya udongo au mlikwenda kijijini karibuni. Maelezo hayo mawili yanaweza kubadilisha matibabu yote.

Antibayotiki hutibu ugonjwa huu. Lakini saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa anaweza kutetemeka na homa kupanda ghafla, kwa sababu bakteria wanakufa kwa wingi. Ndiyo maana dozi hiyo itolewe kituoni, chini ya uangalizi. Mjamzito asisubiri hata siku moja: homa hii huharibu mimba na huua vichanga.

Na ukimkuta kupe wa kawaida amenasa kwa mtoto? Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu moja kwa moja bila kumzungusha. Mafuta ya taa na kijiti cha moto, ambavyo bado vinasifiwa sana, viache. Usimpasue kwa vidole. Osha kwa maji na sabuni, halafu mwangalie mtoto kwa wiki mbili. Homa, mitoki, au kidonda chenye kigaga cheusi mahali alipoumwa ni sababu ya kwenda hospitali.

Kwa papasi, kazi iko sakafuni. Saruji ni bora. Fedha ikiwa bado, ziba nyufa na kusiriba kila zinapotokea, ukianzia chumba cha mjamzito na watoto. Watoto wasilale chini kwenye mkeka. Sogeza kitanda mbali na ukuta, chomeka chandarua chini ya godoro, na kuku wajengewe banda lao nje.