Namba za geto zimeniumbua!

Mie wiki hii sina raha. Nimenuniwa na dada yangu wa tumbo moja, na safari hii sina pa kujitetea. Chanzo si hela wala shemeji. Ni namba!

Dada ana duka la vifaa vya shule Kariakoo, mie nina geto langu Sinza. Kwa kujifagilia kwamba kompyuta nazijua, nikamfungia ruta dukani, nikafunga nyingine geto, halafu nikaweka VPN, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti, ili niweze kuchungulia mahesabu ya duka nikiwa kitandani. Ruta zote mbili niliziacha na namba zilizokuja nazo kutoka kiwandani, 192.168.1. Kujaribu kama inafanya kazi? Wala!

Jumatano saa nne usiku dada kapiga simu. "Mdogo wangu, kuna shule inataka bei za madaftari kesho kabla ya saa mbili asubuhi. Nitolee kwenye kompyuta ya dukani."

Nikamwambia usijali dada, dakika mbili tu. Nikawasha VPN, ikasema imeunganishwa. Nikaandika anwani ya kompyuta ya duka, 192.168.1.20. Duu! Ikatokea printa yangu mwenyewe iliyo chini ya meza, inalalamika wino umekwisha. Nikarudia. Printa. Nikazima kila kitu, nikawasha. Printa! Mpaka saa nane usiku nilikuwa mie na printa tu. Asubuhi dada alikimbilia dukani mwenyewe, lakini alipofika shuleni kazi ilishachukuliwa na duka jingine.

Sasa sikia. Kila gesti mjini ina chumba namba 4 na hakuna ugomvi, maana kila moja ina mlango wake wa nje. Lakini ukiwa gesti ya Sinza ukamwambia mhudumu apeleke supu chumba namba 4, ataipeleka cha hapo hapo, hata kama mgeni wako kalala Kariakoo. Kompyuta yangu ilifanya vivyo hivyo. Iliona 192.168.1.20 ni ya humu ndani, haikuhangaika kuipitisha kwenye VPN.

Namba za ndani zenyewe hazichukuliwi ovyo. Waraka uitwao RFC 1918, wa Februari 1996, ulitenga mafungu matatu ambayo yeyote anayatumia kwake bila kuomba ruhusa. La kwanza ni zinazoanza na 10, zaidi ya milioni 16. La pili linaanzia 172.16 mpaka 172.31, zaidi ya milioni moja. La tatu ni 192.168, anwani 65,536. Hapo kati kuwa macho, 172.32 tayari ni za watu huko nje.

Pamoja na wingi wote huo, ruta kibao hutoka kiwandani na 192.168.0 au 192.168.1, na wengine wanarundikana kwenye 10.0.0. Ukizibakiza, ujue umelala chumba namba 4.

Mie sasa geto ni 192.168.87, duka ni 10.73.25. Nimeziokota kichwani tu. Kwenye ruta unabadilisha anwani yake ya upande wa ndani, halafu simu na kompyuta zikijiunga upya zinapewa namba mpya. Printa ndiyo ilinitoa jasho, kwa kuwa niliipa namba kwa mkono, ikang'ang'ania ya zamani mpaka nikaifuata chini ya meza.

Juzi usiku nimefungua mahesabu ya duka nikiwa geto, yakaja yenyewe. Nikampigia dada kumpa habari njema. Akaniuliza kama hizo namba mpya zinarudisha na hela ya madaftari.